Willis Carrier

Willis Haviland Carrier (26 Novemba 1876 – 7 Oktoba 1950) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mbunifu wa mtambo wa kwanza wa kisasa wa kiyoyozi, alioutengeneza mwaka 1902. Mwaka 1915 alianzisha kampuni pamoja na wenzake sita, na kampuni hiyo ilibeba jina lake.

Maisha ya awali

Carrier alizaliwa katika mji mdogo wa Angola, jimbo la New York, karibu na ziwa Erie. Mji huo hauhusiani na nchi ya Angola iliyopo Afrika. Baba yake, Duane Carrier, alikuwa mkulima. Mama yake, Elizabeth Haviland, alitoka katika ukoo wa Wakweka. Willis alikuwa mtoto wao pekee.

Akiwa mdogo alipata shida kuelewa hesabu za sehemu. Mama yake alimwambia alete matofaa kutoka ghalani, akayakata vipande vya nusu, robo na thumuni, kisha akamfanya ajumlishe na kutoa kwa kutumia vipande hivyo. Carrier alisimulia baadaye kwamba somo hilo lilimfundisha kugawa tatizo kubwa katika sehemu ndogo, na alilitumia maisha yake yote. Mama huyo alifariki Willis akiwa na umri wa miaka 11 tu.

Elimu

Miaka ya 1890 uchumi wa Marekani uliporomoka na familia yake ilipata hasara kubwa shambani. Carrier alipomaliza shule ya mji wake hakuwa na fedha za kwenda chuo kikuu, kwa hiyo alifundisha shule kwa muda. Baadaye alihamia mji wa Buffalo kumalizia masomo ya sekondari, akashinda ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Ufadhili haukutosha kwa chakula na malazi. Alifanya vibarua, na pamoja na wanafunzi wengine alianzisha ushirika wa kufua nguo za wanachuo. Alihitimu uhandisi mwaka 1901. Mwaka uliofuata alimwoa Edith Seymour, ambaye naye alisoma Cornell.

Tatizo la karatasi

Baada ya kuhitimu aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Kampuni hiyo ilitengeneza mapangaboi na mitambo ya kupasha joto. Kazi zake za kwanza zilihusu kukausha mbao na kahawa.

Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, mjini New York, kilileta malalamiko. Picha za rangi zilichapishwa kwa kupitisha karatasi ileile kwenye mashine mara kadhaa, rangi moja baada ya nyingine. Siku zenye unyevu mwingi karatasi ilivimba, siku kavu ilisinyaa. Kwa hiyo rangi ya pili haikukaa pale ilipokaa ya kwanza, na kazi ikaharibika.

Carrier, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alikabidhiwa tatizo hilo. Alitumia majedwali ya idara ya hali ya hewa kukokotoa kiasi cha unyevu ambacho hewa inaweza kubeba katika kila nyuzijoto. Kisha alibuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba yenye maji baridi. Hewa ikipoa, sehemu ya unyevu wake hugeuka kuwa maji na kudondoka. Michoro yake ina tarehe 17 Julai 1902. Lengo lilikuwa kubakiza unyevu wa kiwandani kwenye asilimia 55 mwaka mzima.

Kwa hiyo kiyoyozi cha kwanza hakikutengenezwa kwa ajili ya kuwaburudisha watu. Kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi.

Ukungu wa Pittsburgh

Mwishoni mwa mwaka huohuo Carrier alikuwa akisubiri treni katika kituo cha Pittsburgh usiku wenye ukungu. Alitambua kwamba hewa ya ukungu imejaa unyevu kwa asilimia 100, lakini kwa kuwa ilikuwa baridi, kiasi chenyewe cha maji ndani yake kilikuwa kidogo. Kama angeweza kutengeneza ukungu na kuamua nyuzijoto zake, angeweza kuamua pia kiasi cha maji kitakachobaki hewani.

Kutokana na wazo hilo alibuni kifaa kilichonyunyizia hewa maji baridi ili kuikausha. Wengi waliona ni jambo la ajabu kukausha kitu kwa maji, lakini mvuke uliokuwa hewani ulijikusanya kwenye matone baridi na kuondoka nayo. Kifaa hicho pia kiliosha vumbi. Alipewa hataza yake tarehe 2 Januari 1906.

Wateja wa kwanza walikuwa viwanda. Viwanda vya nguo vya kusini mwa Marekani vilihitaji hewa isiyo kavu mno, kwa sababu nyuzi za pamba hukatika katika hewa kavu. Mwaka 1907 mtambo mmoja ulipelekwa kwenye kiwanda cha hariri huko Yokohama, Japani.

Mwaka 1911 Carrier aliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kanuni zinazoeleza uhusiano wa joto, unyevu na kiwango cha umande. Kanuni hizo na chati yake zilikuwa msingi wa fani nzima. Mwaka uliofuata mke wake Edith alifariki. Carrier alioa tena mwaka 1913, akamwoa Jennie Martin, na alilea watoto wawili wa kuasili.

Kuanzisha kampuni

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Buffalo Forge iliamua kupunguza shughuli zake na kubaki na utengenezaji wa bidhaa tu. Kitengo cha viyoyozi kilifungwa. Carrier na wahandisi wenzake sita, akiwemo rafiki yake Irvine Lyle, walikusanya dola 32,600 na tarehe 26 Juni 1915 wakaanzisha kampuni yao, Carrier Engineering Corporation. Walikuwa wameacha ajira ya uhakika wakati wa vita, kwa biashara ambayo watu wachache waliielewa.

Tatizo kubwa lililobaki lilikuwa usalama. Mashine za kupoza za wakati huo zilitumia amonia, gesi yenye sumu ambayo ikivuja huweza kuua. Haikufaa kuwekwa mahali penye umati. Mwaka 1922 Carrier alionyesha mashine mpya ya kupoza yenye kompresa ya kuzunguka, iliyotumia kimiminika chenye hatari ndogo zaidi. Mashine hiyo ilikuwa ndogo na rahisi kutunza kuliko zile za awali.

Viyoyozi vyafika kwa watu

Kumbi za sinema zilikuwa zikikosa watazamaji wakati wa kiangazi kwa sababu ya joto. Mwaka 1925 ukumbi wa Rivoli mjini New York uliweka mtambo wa Carrier. Siku ya ufunguzi mashine ilichelewa kuwashwa. Watazamaji waliingia wakijipepea kwa vipepeo vya mkononi, huku Carrier na wenzake wakitazama kwa wasiwasi, kwani Adolph Zukor, mkuu wa kampuni ya filamu ya Paramount, alikuwa ameketi juu ukumbini. Polepole hewa ikapoa na vipepeo vikaacha kupepea. Zukor alikiri kwamba watu wataupenda mtambo huo. Katika miaka iliyofuata mamia ya kumbi yaliiga Rivoli, na Bunge la Marekani likawekewa viyoyozi mwaka 1928 na 1929.

Nyumba za kuishi zilichelewa. Mwaka 1914 mtambo mkubwa uliwekwa katika jumba la tajiri Charles Gates mjini Minneapolis, lakini mtu wa kawaida hakuweza kumudu kitu kama hicho. Mwaka 1928 kampuni ya Carrier ilitoa kiyoyozi kidogo cha nyumbani. Mwaka mmoja baadaye Mdororo Mkuu wa uchumi ulianza, na mauzo yakakwama. Kampuni iliungana na nyingine mbili mwaka 1930 ili kunusurika, na mwaka 1937 ilikusanya viwanda vyake katika mji wa Syracuse. Viyoyozi vya nyumbani vilienea tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Miaka ya mwisho

Mke wake wa pili alifariki mwaka 1939. Mwaka 1941 Carrier alimwoa Elizabeth Wise. Wakati wa vita alishiriki kubuni mtambo wa kupoza hewa kwa ajili ya kujaribia ndege katika baridi kali ya angani. Aliacha uongozi wa kampuni mwaka 1948 kutokana na maradhi ya moyo, akafariki mjini New York tarehe 7 Oktoba 1950. Alizikwa Buffalo.

Kanuni zake na kiyoyozi cha nyumbani

Carrier alifundisha kwamba kiyoyozi kina kazi nne: kuamua joto, kuamua unyevu, kuzungusha hewa na kuisafisha. Kazi hizo ndizo huangaliwa pia wakati wa kuandaa kiyoyozi cha nyumbani kabla ya msimu wa joto. Kusini mwa Tanzania msimu huo hufika kilele Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Dar es Salaam joto huendelea hadi Machi.

• Chujio huoshwa kwanza, umeme ukiwa umezimwa. Chujio lililojaa vumbi huzuia hewa, na mabomba ya ndani yanaweza kuganda barafu.

• Sehemu ya nje husafishwa na kuondolewa majani, kwa kuwa ndiyo inayotoa joto nje.

• Bomba la maji huzibuliwa. Maji yanayodondoka ni ule unyevu unaotolewa hewani. Bomba likiziba, humwagika ukutani.

• Gesi haiishi kwa kutumiwa, kwa kuwa huzunguka katika mabomba yaliyofungwa. Ikipungua kuna mahali inavuja, na fundi hupaswa kuziba kabla ya kuongeza.

• Kiyoyozi hujaribiwa wiki kadhaa kabla ya joto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa.

Katika maeneo kama Chiwata wilayani Masasi, au Newala juu ya uwanda wa Makonde, nyumba nyingi hutegemea madirisha, feni na kivuli cha miembe na mikorosho. Kanuni ni zilezile: feni haipunguzi nyuzijoto, bali husaidia jasho kukauka, na jasho hukauka kwa shida hewa ikiwa na unyevu mwingi. Ndiyo maana nyuzijoto zilezile huchosha zaidi pwani kuliko mahali pakavu.

Urithi

Mwaka 1998 jarida la Time lilimtaja Carrier miongoni mwa watu 100 muhimu zaidi wa karne ya 20. Uwanja wa michezo wa Syracuse uliofunguliwa mwaka 1980 uliitwa kwa jina la kampuni yake, ingawa kwa miaka mingi haukuwa na kiyoyozi.

Uvumbuzi wake umeleta pia matatizo. Viyoyozi hutumia umeme mwingi, na gesi zilizotumika katika mashine za kupoza ziliharibu tabaka la ozoni, jambo lililosababisha Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Gesi zilizochukua nafasi yake huongeza joto la dunia. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua.