Mzee Whyte na Msitu wa Entebbe

Mtu apandaye mti naye amepita miaka sitini, hapandi kwa kutaraji kivuli chake mwenyewe. Ndivyo nimwonavyo marehemu Alexander Whyte, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1834, ambaye wataalamu wa mimea wamjua vyema, ila sisi wengine twapita bustanini kwake pasi na kumkumbuka.

Whyte alifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mwaka 1891 pamoja na Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza. Mwaka huo huo akakwea Mlima Mulanje, akateremka na sampuli za mwerezi ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajauandika. Mti huo ukapewa jina lake, Widdringtonia whytei.

Mwaka 1898 tunamkuta Uganda, mjini Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni. Kwa Kiganda, entebe ni kiti. Hapo kando ya ziwa la Viktoria ndipo alipoanzisha bustani, naye ndiye mlinzi wake wa kwanza.

Ndugu msomaji, usidhani ilikuwa bustani ya kutembelea jioni. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa njiani, ikafika ziwani mwaka 1901, na reli haiishi bila mizigo. Serikali ilitaka kujua ni mimea gani ya biashara iwezayo kustawi katika udongo ule. Chai yenyewe, ambayo Uganda huiuza nje hadi leo, ilijaribiwa hapo mwaka 1900. Lakini pamoja na tamaa hiyo, kipande cha msitu wa asili kiliachwa kisimame ufuoni, na hadi leo mbega wanaruka matawini.

Sisi wa Pwani nasi tumo katika habari zake. Mwaka 1903 ilichapishwa ripoti yake juu ya safari alizozifanya katika ukanda wetu wa bahari. Miaka mitano baadaye, 1908, akafariki dunia.

Hata hivyo, gogo haliendi ila kwa nyenzo. Mzee wa miaka 64 hakulilima shamba lile peke yake. Wako waliochimba mashimo, waliokata majani, waliotwikwa miche vichwani. Vitabuni nimeliona jina la Whyte kwa Kilatini. Ya wale sikuyaona.

Na jina lenyewe, limesaidia nini? Mwerezi wa Mulanje uliobeba jina lake umekatwa na kuchomwa hata leo uko ukingoni mwa kutoweka, na watu wanahangaika kuupanda upya. Msitu wa Entebbe, usio na jina la mtu, ungalipo kwa sababu umelindwa. Jina haliuzuii msumeno. Basi tuwalinde wazee wetu wa mitini tungali nao, kabla hatujabaki na majina matupu.