Mtakatifu Yeronimo: Mtumishi wa Neno Mwenye Ulimi Mkali

Kila mwaka, tarehe 30 Septemba, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yeronimo, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wetu twamfahamu kwa picha: mzee mwenye ndevu, kitabu mkononi na simba miguuni. Simba huyo ametokana na masimulizi ya baadaye. Kitabu ndicho maisha yake yenyewe.

Alizaliwa Stridoni, karibu na Dalmatia, yapata mwaka 347, katika familia ya Kikristo. Alipelekwa Roma kusoma, akabatizwa huko, na akawapenda mno waandishi wa Kilatini, hasa Cicero. Baadaye, akiwa safarini mashariki, aliugua sana akaota amesimama mbele ya Hakimu, akishitakiwa kuwa mfuasi wa Cicero, wala si wa Kristo. Ndoto hiyo ilimchoma moyo. Hata hivyo, elimu aliyokuwa nayo haikupotea. Ikawa jembe la kulimia shamba la Bwana. Katika jangwa la Siria alianza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi aliyeongokea Ukristo. Lugha hiyo ilimtesa. Akakata tamaa, akaiacha, kisha akairudia.

Mwaka 382 alirudi Roma, na Papa Damaso I akamwagiza asahihishe Injili za Kilatini, kwa kuwa nakala zilizosomwa zilitofautiana mno. Papa alipofariki mwaka 384, Yeronimo alikuwa amekwisha kujipatia maadui wengi kwa ulimi wake. Mwaka uliofuata aliondoka, na hatimaye akafanya makao Bethlehemu pamoja na Paula, mjane wa ukoo mkubwa wa Roma, na Eustokia binti yake. Mali ya Paula ilijenga monasteri na nyumba ya kupokea mahujaji. Mama huyo na bintiye walijifunza Kiebrania, na maswali yao yalimsukuma Yeronimo kuendelea na kazi.

Huko alitafsiri Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania, kazi ya takribani miaka 15. Wengi hawakufurahi. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, alimwandikia kuhusu tukio la Oea, ambao leo ni Tripoli, Libya. Askofu wa huko aliagiza kitabu cha Yona kisomwe kwa tafsiri mpya. Waamini waliposikia kwamba mmea uliomfunika nabii kwa kivuli hauitwi tena mmumunye, walifanya ghasia kanisani, hata askofu akahofia kubaki bila kundi.

Tukio hilo latupa swali gumu. Wakristo wale wa Afrika, ambao wengi wao bila shaka hawakumiliki kitabu chochote, walitambua neno moja lililobadilika. Je, sisi tungelitambua? Biblia zimo nyumbani mwetu kwa lugha tunayoielewa, lakini mara nyingi hufunguliwa siku ya Jumuiya tu, tena na msomaji peke yake.

Tusimpambe Yeronimo kupita kiasi. Aligombana na Rufino, rafiki yake wa ujana, kwa sababu ya mafundisho ya Origene. Wakapatana, wakagombana tena. Rufino alifariki dunia yapata mwaka 411, na hata hapo kalamu ya Yeronimo haikupoa. Kulijua Neno hakukumponya hasira kwa siku moja. Tunaosoma masomo madhabahuni huku hatusalimiani na jirani tunamwelewa vema.

Lakini Neno lilizidi kumdai. Mwaka 410 Roma ilipotekwa na Wagothi, wakimbizi walifika Bethlehemu mikono mitupu, wakiwemo watu waliokuwa matajiri jana yake. Yeronimo alikuwa akiandika ufafanuzi wa kitabu cha Ezekieli. Aliuweka kando kwa muda ili awahudumie, akiona kwamba wakati ule Maandiko yalipaswa kugeuzwa kuwa matendo. Kwetu sisi, ukurasa huo ambao haukuandikwa ni ufafanuzi wake bora.

Alifariki dunia Bethlehemu yapata mwaka 420. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliitambua tafsiri ya Vulgata, ambayo sehemu yake kubwa ni kazi yake, kuwa tafsiri halali ya Kanisa la Kilatini.

Wapendwa, juma hili tusome Injili ya Dominika nyumbani kabla ya kwenda kanisani, kisha tujiulize ni nani anayesubiri mlangoni petu.

Mtakatifu Yeronimo, utuombee.