Mganga Hajigangi: Funzo la Daktari Halsted

Kuna imani iliyoota mizizi katika shule zetu kwamba dawa za kulevya ni balaa la wajinga na wavivu, na kwamba mwanafunzi mwerevu akishaelezwa madhara yake hatazigusa. Imani hiyo siikubali. Naipinga kwa kueleza maisha ya William Stewart Halsted, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa mababa wa upasuaji wa kisasa. Iwapo elimu peke yake ingekuwa kinga, yeye angekuwa mtu wa mwisho kunaswa.

Halsted alizaliwa New York mwaka 1852, katika jamaa yenye mali. Alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1874, akafuzu udaktari mwaka 1877, kisha akaenda Vienna na miji ya Ujerumani kunoa ujuzi wake. Aliporejea New York mwaka 1880, sifa zake zilienea upesi. Alikuwa mpasuaji mwepesi wa mkono na jasiri mno. Dada yake alipovuja damu nyingi baada ya kujifungua, Halsted alijitoa damu yake mwenyewe akamtia, na dada huyo akapona.

Mnamo 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Halsted na wenzake walipopata habari hizo, walianza kuijaribu kwa kujidunga wao wenyewe kandokando ya neva. Wakagundua jambo kubwa: neva moja ikizuiwa kupitisha ujumbe, sehemu nzima ya mwili inayoitegemea hufa ganzi. Hata leo, daktari wa meno anapomdunga mgonjwa sindano kabla ya kumng'oa jino, hufuata njia waliyoifungua wao, ingawa dawa imebadilika.

Lakini kokeini haikubaki pale ilipodungwa. Iliingia katika damu, ikafika ubongoni. Huko kuna kemikali iitwayo dopamini, inayohusika na raha na hamu ya kurudia jambo. Kwa kawaida, ikishatoa ujumbe wake hurudishwa ilikotoka. Kokeini huzuia marejeo hayo, dopamini ikarundikana, na mtu akajiona hodari asiyehitaji chakula wala usingizi. Wakati huohuo moyo huenda mbio na mishipa ya damu hubana. Dawa inapokwisha nguvu huja uchovu na majonzi, na kadiri siku zinavyopita ubongo huzoea, ukadai zaidi ili kupata kilekile cha jana. Hapo hiari huanza kudhoofika.

Makala aliyoichapisha Halsted mwaka 1885 katika jarida la udaktari yalikuwa na sentensi ndefu zilizopotoka, ambazo ni vigumu kuzielewa. Baadhi ya wenzake katika majaribio yale waliangamia. Mwanzoni mwa 1886 rafiki yake, daktari William Welch, alimpeleka baharini hadi visiwa vya Windward ili amwachishe kokeini. Safari haikufaulu. Mwaka huohuo alilazwa kwa miezi kadhaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Providence, na mwaka uliofuata akarejea humo.

Kokeini ilimlegezea kamba, lakini alikuwa amepata bwana wa pili: mofini, itokanayo na kasumba. Mwili una vitulizo vyake vya maumivu, na mofini hukalia viti vya vitulizo hivyo. Mtumiaji akiizoea, kuikosa humletea jasho, kutapika, kuhara, maumivu ya viungo na kukesha. Akizidisha, pumzi hupungua hadi kukatika.

Welch hakumtupa. Alimkaribisha Baltimore, akampa nafasi katika maabara yake. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889 Halsted alikuwamo, na mwaka 1892 akawa profesa wa kwanza wa upasuaji katika chuo chake. Aliweka utaratibu wa kuwafunza wapasuaji hatua kwa hatua ndani ya hospitali. Alipoona dawa za kuua viini zikimchubua mikono muuguzi Caroline Hampton, aliagiza glavu za mpira. Muuguzi huyo akawa mkewe mwaka 1890. Lakini yule kijana mchangamfu wa New York hakuonekana tena. Badala yake alikuwapo mtu mkimya, mpole wa kisu, aliyejitenga na watu. Alifariki mwaka 1922. Mwaka 1969 kumbukumbu za siri za mwenzake, William Osler, zilipofunuliwa, ulimwengu ulijua kwamba hata katika miaka ya fahari yake alikuwa akitumia takriban miligramu 200 za mofini kila siku.

Asije mwanafunzi akadhani kwamba dawa ndizo zilizompa Halsted kipaji. Kipaji alikuwa nacho kabla yake, na aliyoyatenda baadaye aliyatenda huku amebeba mzigo. Tena alikuwa na cheo, fedha na mofini safi ya hospitali. Anayenunua heroini vichochoroni Mombasa au Malindi hana hata kimoja kati ya hivyo, wala hajui imechanganywa na nini, ilhali heroini hiyo ikifika ubongoni hugeuka kuwa mofini ileile.

Kwa walimu nina neno. Mwanafunzi akikamatwa na dawa, wengi wetu hukimbilia kumfukuza, tukisema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nauliza: Welch angefunga mlango wake, ni wagonjwa wangapi wangekosa faida ya mikono ile? Uraibu ni maradhi ya ubongo, na mgonjwa hutibiwa. Kenya ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni mnamo 2014, dawa inayokalia viti vilevile vya mofini, lakini polepole na chini ya uangalizi, ili mtu aweze kufanya kazi na kulea wanawe. Shule nazo zimfikishe mtoto kwa mshauri na daktari kabla ya kumwonyesha lango. Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Ikiwa Halsted, pamoja na ujuzi wake wote, alihitaji mtu wa kumshika mkono, mtoto wa kidato cha pili atajiganga vipi?