Babu na jani la chai la Rungwe

Enzi za Ujamaa, mkulima wa Rungwe aliuza chai yake kwa mamlaka ya serikali. Likaja soko huria, akauzia kampuni. Mifumo miwili, lakini kwa miaka mingi bei ilitegemea mnada wa Mombasa.

Jambo hilo ndilo lililomsumbua marehemu Abdulrahman Babu, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1924. Alianzisha Umma Party mwaka 1963, akawa waziri wa Muungano. Karume alipouawa mwaka 1972 aliwekwa kizuizini hadi 1978. Gerezani aliandika kitabu kilichotoka London mwaka 1981. Ubepari aliupinga, lakini hata Ujamaa wa Nyerere hakuusamehe: aliona kwamba nchi inayolima kwa ajili ya wageni bila viwanda vyake haijajitegemea.

Mwaka 1995 aliteuliwa mgombea mwenza wa Mrema, akaenguliwa. Alifariki London mwaka 1996, akazikwa Zanzibar.

Wapo Waislamu wasiomsamehe kwa Ukomunisti wake na Mapinduzi. Wana hoja. Lakini swali lake limebaki. Mwanasiasa akipanda jukwaani Tukuyu, tusimuulize ni mjamaa au bepari. Tumuulize faida ya chai inabaki kwa nani. Uislamu umehalalisha biashara, ukaharamisha dhulma.