Wallace Sabine: Mwalimu aliyepima sauti kwa mito ya viti

KABLA ya mwaka 1895, mtu aliyejenga ukumbi wa mihadhara au wa muziki alikuwa kama mcheza bahati nasibu. Alichagua matofali, mbao na nakshi, akawalipa mafundi, na ni siku ya ufunguzi tu alipojua iwapo wasikilizaji wangeambulia maneno au mvumo mtupu.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kijana wa mjini anayebandika trei za mayai ukutani ili chumba chake cha kulala kiwe studio ya kurekodia anahangaika na swali lile lile, hata kama jina la mwalimu huyo hajapata kulisikia.

Sabine alizaliwa Juni 13, 1868 katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Alihitimu Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 18, kisha akaenda Harvard, ambako alipata shahada ya uzamili na kubaki kuwa mwalimu. Shahada ya uzamivu hakuichukua kamwe.

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jumba la sanaa la Fogg, ambalo ndani yake mlikuwa na ukumbi wa mihadhara usiofaa kwa mihadhara. Neno moja lilibaki likivuma hewani kwa zaidi ya sekunde tano, na kwa muda huo mzungumzaji alikuwa ameshatamka maneno mengine kadhaa yaliyorundikana juu ya lile la kwanza. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi Sabine, aliyekuwa na miaka 27, kazi ya kuutibu ukumbi huo.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: filimbi ya kinanda cha kanisani, chombo cha kurekodi muda na masikio yake mwenyewe. Alifanya kazi baada ya saa sita usiku, wakati mji umelala. Filimbi ililia, ikakatwa, naye akahesabu muda hadi sauti ilipopotea kabisa.

Kisha likaja wazo la mito. Jirani na Fogg palikuwa na ukumbi wa Sanders Theatre, uliosifiwa kwa usikivu wake, na viti vyake vilikuwa na mito. Usiku, Sabine na wasaidizi wake waliibeba mito hiyo hadi Fogg, wakaipanga kidogo kidogo huku wakipima, na kabla ya asubuhi wakairudisha ilikotoka. Mito yenye urefu wa mita 8.2 ilipunguza mvumo hadi sekunde 5.33. Ilipojaa kwenye viti, njia, jukwaa na ukuta wa nyuma hadi darini, mvumo ulibaki sekunde 1.14.

Ukali wake juu ya vipimo ulikuwa wa kutisha. Alipobaini kwamba nguo alizovaa zilikuwa zikifyonza sauti na kubadili majibu, alitupa maelfu ya vipimo akaanza upya, safari hii akivaa mavazi yale yale kila usiku. Ni wachache kati yetu ambao wangekuwa na moyo huo. Lakini hapo ndipo alipothibitisha kwamba mwili wa mtu nao ni sehemu ya chumba.

Eliot alichoka kusubiri. Sabine alishauri kuta za Fogg zivikwe felti, na kufikia mwaka 1898 ukumbi ukatumika. Mwaka huo huo Henry Higginson, mfadhili wa okestra ya Boston, alikuwa akitaka kujenga ukumbi mpya, na Eliot akamtaja Sabine. Kijana huyo alisita, kwani alikuwa na rundo la namba lakini hakuwa na kanuni. Alijifungia na daftari zake hadi Jumamosi, Oktoba 29, 1898, alipoona kwamba namba zake zote zilichora mchirizi mmoja, haipabola. Inaelezwa kuwa mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mama yake.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kufifia hadi sehemu moja ya milioni ya nguvu yake. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kikiwa na ufyonzaji wa mita 3 za mraba, kitavuma karibu sekunde 2. Ingiza godoro, mazulia na mapazia mazito hadi zifike mita 12, nao mvumo utashuka chini ya nusu sekunde.

Mita hizo za mraba ni za nini? Ni za dirisha lililo wazi. Sabine alilichukua kuwa kipimo kwa sababu sauti ikishatoka dirishani hairudi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Dirisha hilo, kifyonzaji kisicho na mfano, ndilo linalompelekea jirani ngoma zote. Kutuliza mvumo ndani na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti. Ya pili hudai uzito, nafasi ya hewa kati ya tabaka na kuziba kila upenyo. Trei za mayai hufyonza kidogo sauti nyembamba tu, na hazizuii chochote. Sabine aliligusa pia suala hilo la pili, na mwaka 1915 alichapisha makala kuhusu kuzuia sauti, baada ya kupima tabaka za felti na za bati.

Huko Boston, Higginson alivutiwa na umbo la ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig, Ujerumani. Sabine alionyesha kwamba kuukuza tu ili utoshe watu zaidi ya 2,600 kungefanya mvumo ufike takribani sekunde 3. Msanifu Charles McKim alifuata ushauri wake, na Symphony Hall ikafunguliwa Oktoba 15, 1900.

Baadhi ya wahakiki hawakuridhika. Sabine alikuwa ametabiri sekunde 2.31, lakini vipimo vya baadaye, ukumbi ukiwa umejaa watu, vilipata chini ya 2. Hata hivyo leo ukumbi huo unahesabiwa miongoni mwa bora duniani.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ulaya, kisha Washington, alikoshughulikia masuala ya ndege za kivita huku akiendelea kufundisha Harvard. Alikuwa na maradhi ya figo, na inaelezwa kuwa aliahirisha upasuaji hadi vita viishe. Alifariki Januari 10, 1919, akiwa na miaka 50.

Wakati huo tajiri George Fabyan alikuwa amemjengea maabara ya sauti huko Geneva, jimbo la Illinois. Sabine hakuwahi kuitumia ipasavyo. Kazi ilichukuliwa na ndugu yake wa mbali, Paul Sabine.