Raphael Lemkin na Istilahi ya Jenosaidi: Maisha ya Mwanasheria Aliyeunda Neno

1.0 Utangulizi

Maangamizi ya jamii nzima za watu ni ya kale sana, lakini uchunguzi wake kama taaluma ulianza baada ya kosa hilo kupewa jina. Aliyelipa jina ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha yanaonyesha kwamba istilahi zetu za Kiswahili zimebeba sehemu tu ya dhana aliyoikusudia.

2.0 Malezi na Elimu

Lemkin alizaliwa tarehe 24 Juni 1900 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Wołkowysk, ambao wakati huo ulikuwa katika Dola ya Urusi na leo umo Belarusi. Alijifunza lugha nyingi tangu utotoni, na baadaye akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Lwów.

Mwaka 1921, mjini Berlin, kijana Mwarmenia aliyeitwa Soghomon Tehlirian alimwua Talaat Pasha, mmoja wa viongozi wakuu wa Dola ya Osmani waliohusika na maangamizi ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915. Kesi hiyo ilimshughulisha sana Lemkin. Sheria ilikuwa na jina la kosa la mtu kumwua mwenziwe. Lakini serikali iliyoangamiza umma wa raia wake ilijikinga nyuma ya mamlaka ya dola.

3.0 Kuundwa kwa Istilahi

Mwaka 1933, akiwa mwendesha mashtaka mjini Warsaw, Lemkin aliwasilisha pendekezo katika mkutano wa wanasheria mjini Madrid. Alitaka makosa mawili yatambuliwe kimataifa: kuangamiza jamii ya watu, na kuharibu kazi za sanaa na utamaduni wao. Yeye mwenyewe alizuiwa kuhudhuria, na pendekezo lake halikukubaliwa.

Ujerumani ilipoivamia Poland mnamo Septemba 1939 alikimbia. Alipitia Lithuania na Sweden, akafika Marekani mwaka 1941. Njiani na baadaye alikusanya amri zilizotolewa na Wajerumani katika nchi walizozikalia, akazichambua katika kitabu chake kikubwa kilichochapishwa mwaka 1944, Axis Rule in Occupied Europe. Humo ndimo alimotumia istilahi mpya, jenosaidi, aliyoiunda kwa kuunganisha neno la Kiyunani genos, lenye maana ya kizazi au jamii ya nasaba, na kiambishi cha Kilatini kinachotokana na kitenzi caedere, yaani kuua.

Ingawa umbo la neno hilo linataja kuua, maelezo yake yalikuwa mapana zaidi. Lemkin aliligawa kosa hili katika nyanja nane: siasa, jamii, utamaduni, uchumi, uzazi, uhai wa mwili, dini na maadili. Kupiga marufuku lugha ya watu, kwa mfano, kulikuwa sehemu ya mpango uleule uliowapeleka kwenye kifo.

4.0 Mkataba na Miaka ya Mwisho

Baada ya vita Lemkin aligundua kwamba jamaa zake 49, wakiwemo wazazi wake, walikuwa wameangamia. Aliwashawishi wajumbe wa Umoja wa Mataifa bila kuchoka, hata Mkataba ukapitishwa mjini Paris tarehe 9 Desemba 1948. Hata hivyo, maangamizi ya utamaduni yaliondolewa katika rasimu. Alama iliyosalia ni katazo la kuwahamisha watoto kwa nguvu kutoka kundi moja hadi jingine.

Lemkin alifariki mjini New York tarehe 28 Agosti 1959, akiwa fukara. Alikuwa akiandika historia ya jenosaidi tangu zama za kale, ikiwemo ile ya Waherero chini ya utawala wa Wajerumani, lakini hakuimaliza. Marekani, iliyompokea, iliridhia Mkataba mwaka 1988.

5.0 Dhana katika Kiswahili

Kiswahili kina istilahi mbili zinazotumika zaidi. Mauaji ya halaiki hutaja wingi wa waliouawa bila kutaja sababu ya kuchaguliwa kwao. Mauaji ya kimbari ni bora, kwani mbari, yaani ukoo, inakaribiana na genos. Lakini zote mbili huanza na mauaji, ilhali kati ya vitendo vitano vinavyotajwa na Mkataba, kimoja tu ndicho kuua.

Tofauti hii si ya nadharia tupu. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hili. Humo mahakama iliamua kwamba ubakaji pia waweza kuwa kitendo cha jenosaidi. Mwanamke aliyetendewa hivyo akanusurika ni mhanga wa kosa hilo kisheria, lakini istilahi yetu inamwacha nje.

6.0 Hitimisho

Kwa sababu hiyo tunapendekeza maangamizi ya kimbari. Neno maangamizi linahusu waliouawa, na pia wale walioachwa hai huku misingi ya jamii yao ikiwa imevunjwa. Kwa namna hiyo Kiswahili kitakuwa karibu zaidi na dhana ambayo Lemkin aliitetea hadi kufa kwake.