Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kinachozunguka nyumba kwa nyumba hapa Ruvu kilinunuliwa Dar es Salaam kwa muuza vitabu vilivyokwisha tumika. Jalada limechakaa na kurasa zimelegea, lakini kila anayekirudisha huuliza aliyekiandika alikuwa mtu gani. Basi tumeona vema kueleza maisha yake kwa ufupi.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Alikuwa wa ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Baadaye alisoma kwa wamisionari wa Kanisa Katoliki, katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na Kijerumani. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura.

Ndoa yao ilipata msiba mkubwa, kwani watoto waliozaliwa hawakuishi. Sote tunajua jinsi ndugu wanavyosema katika mambo kama hayo, na jinsi mume anavyoshauriwa kutafuta mke mwingine. Mzee Kitereza hakumwacha Anna.

Aliona pia kwamba vijana wanaanza kusahau lugha na desturi za wazee wao. Kwa hiyo akaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke wa zamani, kabla ya utawala wa Wazungu, wanaopendana lakini hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume hakubali kumpoteza. Anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anailipa. Baada ya kutibiwa na mganga wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Humo mna kilimo na uvuvi, magonjwa, posa na mazishi, yote yameelezwa kwa utaratibu. Bila shaka aliyaandika kwa uchungu wa mtu aliyeyajua. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1945.

Lakini wasomaji wa Kikerewe ni wachache, na mchapaji hakupatikana. Maandiko yakakaa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, nao wakamtia moyo. Ndipo mzee huyu, aliyekwisha kupita miaka 70, akakaa chini na kukitafsiri kitabu chote kwa Kiswahili yeye mwenyewe.

Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980 katika sehemu mbili. Iliyoko kwetu ni ya kwanza tu. Mwenye ya pili tunamwomba asiifungie kabatini, maana habari za watoto zimo humo.

Wengine walikuja kukipenda wakakitafsiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza. Mzee Kitereza hakuyaona hayo. Alifariki Jumatatu ya Pasaka mwaka 1981, kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia. Alikuwa amengoja miaka 35 na zaidi. Sisi tulio wepesi kuacha kazi isiyoonyesha matunda upesi, na tumkumbuke.